Barua pepe za zamani zisipotee kwenye Thunderbird

Ofisi za kliaringi (za kutoa mizigo bandarini) za huku Mombasa hutafuta barua za mzigo wa miaka nyuma, zikakuta folda tupu kwenye Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta. Mara nyingi si virusi, ni mpangilio tu.

Fungua mipangilio ya akaunti, kisha sehemu ya usawazishaji na hifadhi. Chini kabisa chagua isifute ujumbe wowote. Ikiwa pamewekwa ifute ujumbe uliopita siku 30, na akaunti ni ya IMAP (njia ambayo barua hukaa kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma wako wa barua), hufuta hata kwenye seva, si kwenye kompyuta yako peke yake. Hapo ndipo wengi huumia. Ukibonyeza folda kwa kitufe cha kulia na kufungua sifa zake, utaona nayo ina kanuni yake ya kufuta, ikague pia.

Kwa POP (njia inayoshusha barua kwenye kompyuta yako), kwa kawaida programu huacha nakala kwenye seva kwa siku 14, kisha kompyuta yako ndiyo hubaki nazo. Diski ikifa, basi tena. Kwa hiyo weka nakala: funga Thunderbird kwanza, ndipo unakili folda nzima ya profaili (inamohifadhi barua na mipangilio yako) kwenye diski ya nje. Ukinakili ikiwa wazi, faili zaweza kutoka na kasoro.