Somo: Vipele vya mtoto, je, ni mzio wa chakula?

Mtoto akitokwa na vipele, cha kwanza kusingiziwa ni chakula. Leo mama anaambiwa aache mayai, kesho maziwa, keshokutwa samaki. Wiki haijaisha, mtoto anakula uji mtupu na vipele viko palepale. Kabla hujamnyima mtoto chochote, jiulize mawili: kipele kilitoka muda gani baada ya kula? Na chakula hicho kikirudi, kipele nacho hurudi?

Hatua ya 1: Anza na ngozi

Vipele vingi vya watoto havihusiani na chakula kabisa. Harara hukaa penye jasho, shingoni na kwenye mikunjo, na hupungua mtoto akipoa. Vipele vya nepi haviendi mbali na nepi. Upele wa kuambukiza huwasha zaidi usiku, hupenda viganja na nyayo za mtoto mchanga, na mara nyingi kuna mtu mwingine nyumbani anayejikuna.

Ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, ni ngozi kavu inayokwaruza na kuwasha, hasa mashavuni. Huja na kuondoka kwa miezi. Mzio wa haraka una sura nyingine: vivimbe bapa vinavyohama. Hapa vinatoweka, pale vinaibuka, na baada ya saa chache ngozi ni safi.

Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu, huenda usiuone. Tazama mabaka ya kijivu, ya zambarau au meusi kuliko ngozi ya pembeni, kisha pitisha kiganja. Mkono huhisi ukavu na uvimbe mapema kuliko jicho.

Hatua ya 2: Andika

Daftari la kawaida linatosha. Andika saa, chakula, kiasi na kilivyopikwa, na pia sabuni mpya, mafuta mapya, dawa, mafua au homa. Virusi peke yake vinaweza kumtoa mtoto vivimbe mwili mzima, na hapo yai alilokula asubuhi hubeba lawama za bure. Maandishi yenye faida ni kama haya: "Saa 2:10 asubuhi, yai la kuchemsha, vijiko viwili. Saa 2:30, mdomo umevimba, vivimbe shingoni. Saa 5, vimekwisha." Piga na picha, maana ukifika kwa daktari ngozi inaweza kuwa haina kitu.

Hatua ya 3: Soma saa

Mzio wa haraka hujitokeza ndani ya dakika chache, na kwa kawaida haupiti saa 2. Mzio wa polepole huchukua saa kadhaa hadi siku 2 au 3. Huu hauleti vivimbe vinavyohama. Ukurutu huzidi, na mara nyingi tumbo nalo hulalamika: kutapika, kuhara, ute au damu kwenye kinyesi.

Wanaoshukiwa zaidi ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho na jamii yake, ngano, soya, ufuta, samaki, kamba na kaa. Nyanya na machungwa husingiziwa sana. Ukiona wekundu kuzunguka mdomo tu, pale chakula kilipogusa, na mtoto anacheza zake, kwa kawaida ni uchachu umechoma ngozi. Mpake mafuta mazito kuzunguka mdomo kabla ya kula.

Hatua ya 4: Ondoa kimoja, kisha kirudishe

Hatua hii ni ya mzio wa polepole tu, na ni vizuri daktari au mtaalamu wa lishe ajue. Ondoa chakula kimoja kwa wiki 2 hadi 4, kisha kirudishe. Wengi huishia njiani: ngozi imetulia, wanasema tumempata mchawi. Lakini ukurutu hutulia wenyewe pia. Usiporudisha chakula, hujathibitisha kitu.

Kama mtoto aliwahi kuvimba au kutoka vivimbe muda mfupi baada ya kula, usimjaribishe tena nyumbani. Hilo lifanyike mbele ya daktari.

Hatua ya 5: Tibu ngozi wakati huohuo

Mpake mafuta yasiyo na manukato mara 2 au zaidi kwa siku, na tumia dawa ya kupaka uliyoandikiwa bila kuiogopa. Ngozi iliyopasuka hupitisha chembe za chakula, na mwili hujifunza kuzikataa. Kwa hiyo mara nyingi ukurutu ndio unaotangulia na mzio wa chakula hufuata, kinyume na tunavyodhani.

Usingoje daftari kama mtoto anakohoa au kukoroma ghafla, anahema kwa shida, ulimi umevimba, amelegea, au anatapika mfululizo pamoja na vivimbe. Hiyo ni dharura. Mwahishe hospitali. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, wala si sharubati ya mzio.

Maswali ya wanachama

Dada, mwanangu ana miezi 3, ananyonya tu, na mashavu yana ukurutu. Niache maziwa ya ng'ombe?

Hongera kwa kumnyonyesha. Kama ni mashavu tu, tibu ngozi kwanza. Kama kuna damu kwenye kinyesi au haongezeki uzito, daktari anaweza kukuambia uache maziwa na vyote vyenye maziwa kwa wiki 2 hadi 4, huku ukipata kalisi kwa njia nyingine. Kunyonyesha usiache.

Maziwa ya ng'ombe yamemkataa. Nimpe ya mbuzi?

Hapana, mama. Protini zake zinafanana mno, na wengi wanaodhurika na ya ng'ombe hudhurika na ya mbuzi pia. Hata maziwa yaliyoondolewa laktosi hayasaidii, kwa sababu laktosi ni sukari na mzio ni wa protini.

Tumepima damu, karatasi ina orodha ndefu ya vyakula. Tuviache vyote?

Msiviache. Kipimo cha IgE, yaani kingamwili za mzio kwenye damu, kinasema mwili unakitambua chakula hicho, hakisemi kitamdhuru. Kama anakila na hana neno, aendelee. Kama kipimo ni cha IgG, kingamwili za aina nyingine, kiwekeni kando, hakitambui mzio.

Ndugu, mimi nimeamua kutompa mtoto karanga mpaka afike miaka 3. Si ndiyo salama?

Ndivyo tulivyokuwa tukishauriwa zamani. Utafiti wa LEAP uliofanyika Uingereza na kutolewa mwaka 2015 ulifuatilia watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa yai. Waliolishwa karanga tangu utotoni hadi miaka 5 walipata mzio wa karanga kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 80 kuliko walionyimwa. Ila mtoto wako akiwa na mojawapo ya hali hizo mbili, muone daktari kabla ya kuanza. Na iwe siagi laini iliyochanganywa kwenye chakula. Karanga nzima humkaba.

Huu mzio utaisha?

Wa maziwa na mayai huisha kwa watoto wengi wanapokua. Wa karanga na samaki hukaa zaidi. Daktari ndiye atakayepanga lini ajaribiwe tena.