Presha ukilala, presha ukisimama: jinsi ya kupima kazi ya neva za simpathetiki

Kliniki ya kisukari nawasikia sana: "Nikiinuka tu, naona giza." Mtu kama huyo usimpe ushauri kabla ya kipimo hiki. Andaa mashine ya presha, kitanda na saa.

Hatua ya 1. Mlaze chali dakika 5, asizungumze. Pima, uandike presha na mapigo.

Hatua ya 2. Msimamishe, nawe ukae karibu naye. Hapo damu ya mililita 500 hadi 1,000 huteremkia miguuni na tumboni. Vihisio vya presha vilivyo shingoni na kifuani huarifu ubongo, na neva za simpathetiki (neva zinazofanya kazi zenyewe bila mtu kuamua) zinazohudumia mishipa ya damu ya misuli huzidisha ishara zake ili mishipa ibane na presha isishuke. Hazitoi ishara mfululizo; huzitoa kwa mafungu yanayoenda na mapigo ya moyo. Miaka ya 1960 huko Uppsala, Sweden, Karl-Erik Hagbarth na Åke Vallbo walianza kuzirekodi kwa sindano nyembamba iliyochomwa ndani ya neva ya mtu aliye macho.

Neva za simpathetiki za ngozi zina mwendo wake. Hizo huamshwa na joto, baridi au mshtuko, wala hazifuati kila pigo. Kwa hiyo kiganja chenye jasho kisikuhakikishie kwamba mishipa ya miguu inabana vizuri. Kila kiungo kina neva zake, na hili nalirudia kwa kila mwanafunzi ninayemfundisha.

Hatua ya 3. Pima dakika ya 1 na ya 3. Mkono uegemezwe usawa wa moyo; ukining'inia, namba zitapanda kwa uongo. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, kuna tatizo. Akianza kuyumba, mlaze mara moja.

Hatua ya 4. Sasa tazama mapigo. Presha ikishuka na mapigo yakaruka juu, fikiria kwanza upungufu wa maji au damu: neva zinahangaika kufidia. Mapigo yasipopanda inavyotakiwa, zishuku neva zenyewe. Gawanya ongezeko la mapigo kwa kiasi ilichoshuka namba ya juu. Mfano: 142/84 na mapigo 78 akilala, 110/70 na mapigo 84 akisimama. Sita kwa 32 ni kama 0.19. Chini ya 0.5 huelekeza kwenye neva.

Ila muulize kwanza dawa anazotumia. Dawa za presha kama atenolol au propranolol huzuia mapigo kupanda hata neva zikiwa nzima.