Somo: "is" au "are"? Kiswahili kinakubeba mpaka pale kinapokuangusha

Wakuu habari za muda huu. Leo tumalizane na kiima na kitenzi kwenye Kiingereza, sio ile "he goes" ambayo kila mtu kaishika, naongelea sentensi ndefu ambazo mtu ana digrii yake na bado anateleza. Mimi mwenyewe kwenye barua ya kazi niliandika "My diploma, as well as my certificates, show", jamaa aliyenisaili akaizungushia kalamu nyekundu hiyo "show" mbele yangu wala hakusema kitu.

Hatua ya 1. Tafuta mwenye kitenzi. "The list of names is on the wall." Wengi wanaweka "are" kwa sababu "names" ndo imekaa jirani. Iseme kwa Kiswahili: orodha ya majina imebandikwa. Ukisema yamebandikwa sikio lenyewe linakataa. Hiyo "i" inakuonyesha anayehusika ni orodha, moja, basi "is".

Hatua ya 2. Ujanja ni uleule. Idadi ya wagonjwa imeongezeka, "The number of patients has increased". Wagonjwa kadhaa wamelazwa, "A number of patients have been admitted". Yani "the" na "a" tu zinageuza kila kitu.

Hatua ya 3, na hapa ndo nilipoumia. Sisi tunasema baba pamoja na watoto wamefika, tunahesabu wote. Mwingereza anamhesabu baba peke yake: "The father, together with his children, has arrived." Vivyo hivyo "as well as" na "along with". Funika kwa kidole kipande kilicho kati ya koma, soma kilichobaki. Ukitaka wingi tumia "and", basi.

Hatua ya 4. Kukariri tu, hamna namna. Suruali imechanika, "The trousers are torn". Mkasi uko wapi, "Where are the scissors?" Halafu nywele zake ndefu wao wanasema "Her hair is long", na habari zimefika ni "The news has arrived".

Hatua ya 5. Kwenye "neither... nor" kitenzi kinamfuata wa karibu: "Neither the teacher nor the students were there", ukiwageuza inakuwa "was".

MASWALI

Mkuu, "Ten thousand shillings is enough" au "are"?
— "Is", ni kiasi kimoja. Si unasema elfu kumi inatosha?

Mbona watangazaji wa mpira wa Uingereza wanasema "Arsenal are winning"?
— Wako sahihi, wanaangalia wachezaji. Wamarekani kwa kawaida timu wanaipa "is". Ila "police" ni "are" kotekote.

"She is one of those teachers who come late" au "comes"?
— "Come". Mmoja wa wale walimu wanaochelewa, sikiliza hiyo "wanao". Ila "the only one of the teachers who comes late", ndiye pekee anayechelewa, hapo "s" inarudi.

Nimekuta "I suggest that he go", wamekosea kuchapa?
— Hapana mkuu. We unasema napendekeza aende, husemi napendekeza anaenda. Sisi tunaweka "e" mwishoni, wao wanang'oa "s".