Usigawanye Mavuno kwa Mifuko ya Urea
Ndugu wakulima wa mahindi, kila baada ya mavuno nasikia hesabu ileile: "Ekari yangu niliitia mifuko miwili ya urea, nimepata magunia 12, kwa hiyo kila mfuko umenipa sita." Hapana! Ekari hiyo isingeonja urea hata punje moja, bado ingetoa magunia yake. Mnaipa mbolea sifa ya udongo na mvua, kisha mwakani mnakopa mnunue mfuko wa tatu.

Cha kujua ni kila mfuko umeongeza nini juu ya uliotangulia. Tenga vipande vitatu vya mita 10 kwa 10. Cha kwanza kisipate urea kabisa, na msikionee huruma mkakitupia kidogo jioni, maana hapo jaribio lote limekufa. Cha pili kipate kilo 1.24, ambayo ni sawa na mfuko wa kilo 50 kwa ekari. Cha tatu kilo 2.47. Tumieni mizani, si kifuniko cha soda. Ardhi ipimwe kwa futi kamba, si kwa hatua. Mbegu, siku ya kupanda, mbolea ya kupandia na palizi visitofautiane. Rudia seti hiyo sehemu tatu za shamba, na kipande kipi kipate nini kiamuliwe kwa kura, kwa sababu mkono hupenda kupeleka urea pale palipokuwa zizi.

Kuvuna ndiko mnakoharibu zaidi. Vuna mita 5 kwa 5 za katikati tu, pukuchua, anika vyote siku zilezile hadi unyevu ufike asilimia 13.5, ndipo upime. Zidisha kwa 162 upate kilo za ekari. Ukikosea gramu 100 kwenye mizani, kwenye ekari umekosea kilo 16.

Tuseme wastani umetoka kilo 4, 6.5 na 7.5. Kwa ekari ni 648, 1,053 na 1,215. Hizo 1,215 ndizo magunia 12 ya kilo 100 ya yule ndugu wa mifuko miwili. Lakini mfuko wa kwanza uliongeza kilo 405, wa pili 162 tu. Bei ya kilo hizo 162 isipofika bei ya mfuko, nauli, kibarua na riba ya mkopo, ishia mfuko mmoja.

Seti tatu zikikaribiana, umepima vizuri. Rudia msimu ujao, kwani mvua ya mwaka mmoja haitoshi kuamulia mkopo.