Klasta ya RabbitMQ: seva moja ikizimika, foleni isizimike nayo

Mfumo wetu mdogo hapa Tanga unapokea malipo ya tiketi za basi, unaweka ujumbe kwenye foleni ya RabbitMQ (programu inayoshika jumbe hadi zichukuliwe), kisha programu nyingine inamtumia abiria SMS. Nilikodi seva tatu, nikaziunganisha ziwe klasta, yaani kundi la seva linalofanya kazi kama mfumo mmoja, nikaanza kutamba. Usiku mmoja seva ya kwanza ikazima. Mbili zilikuwa hai, na SMS hazikwenda hata moja. Kosa lilikuwa langu, nalo liko hatua ya nne. Ukiwa na haraka, anzia huko.

Hatua ya 1: Seva. Ziwe tatu, si mbili. Maamuzi hupitishwa na walio wengi: katika tatu unaweza kupoteza moja, katika tano mbili. Ukiwa na mbili, ikifa moja, iliyobaki si wengi wa chochote. Zote zikae mtandao mmoja wa karibu. Usiweke moja chini ya meza ofisini Ngamiani na mbili Ulaya. Klasta haipendi safari ndefu.

Hatua ya 2: Majina na milango. Zipe majina `foleni1`, `foleni2`, `foleni3`, uyaandike kwenye `/etc/hosts` ya kila seva. Toleo la RabbitMQ na la Erlang (lugha iliyotumika kuiandika RabbitMQ) liwe moja kote. Milango ya mtandao (port) 4369 na 25672 ifunguliwe baina ya seva zenyewe tu. 5672 ni wa programu zako.

Hatua ya 3: Kuki na kuunganisha. Kuki ni neno la siri ambalo seva hutambuana kwalo. Nakili `/var/lib/rabbitmq/.erlang.cookie` kutoka `foleni1` kwenda nyingine mbili. Mmiliki awe `rabbitmq`, ruhusa 400, kisha washa huduma upya. Herufi moja ikizidi, seva zitakataana kama hazijawahi kuonana. Halafu kwenye `foleni2`, na baadaye `foleni3`:

```
rabbitmqctl stop_app
rabbitmqctl reset
rabbitmqctl join_cluster rabbit@foleni1
rabbitmqctl start_app
```

Hiyo `reset` inafuta kila kitu kilichomo kwenye seva hiyo. Soma jina la seva mara mbili kabla ya kubonyeza. Thibitisha kwa `rabbitmqctl cluster_status`.

Hatua ya 4: Aina ya foleni. Hapa ndipo nilipolala. Klasta hugawana majina ya foleni, watumiaji na ruhusa. Jumbe zenyewe haigawani. Foleni ya kawaida inakaa kwenye seva moja. Seva nyingine zinaijua tu, kama jirani anayejua duka lilipo lakini hana ufunguo. Zamani watu walitumia foleni za kioo (mirrored queues), zilizoweka nakala kwenye seva nyingine, ila zimeondolewa kuanzia toleo la 4.0. Siku hizi ni foleni za kworamu (quorum, yaani walio wengi), zilizoingia toleo la 3.8 na zinazotumia kanuni ya Raft: seva moja ni kiongozi, nyingine zinaweka nakala, na kiongozi akianguka wengine wanachagua mpya bila kampeni wala mabango.

Unapounda foleni, iwe ya kudumu, na uweke `x-queue-type` kuwa `quorum`. Foleni iliyokwisha kuwepo haibadiliki aina. Ukilazimisha utapata `PRECONDITION_FAILED`. Mimi niliunda mpya yenye jina jingine, nikaacha ya zamani imalize jumbe zake, ndipo nikaifuta.

Hatua ya 5: Programu zako. Zipe anwani zote tatu, au weka mbele HAProxy (programu inayogawa maunganisho kwa seva zilizo hai), na ziwe zinajiunganisha upya zenyewe. Washa uthibitisho wa mpelekaji (publisher confirms) pia: RabbitMQ humjulisha anayetuma kwamba ujumbe umepokelewa. Kabla ujumbe haujathibitishwa, usimwambie abiria “tayari”.

Hatua ya 6: Izime. Tafuta kiongozi wa foleni yako (yangu inaitwa `tiketi`):

```
rabbitmq-queues quorum_status tiketi
```

Izime seva hiyo kikatili, kama umeme unavyokatika: kwenye paneli ya kampuni iliyokukodisha seva, bila kuiaga. Mimi nilifanya hivyo mchana, chai mkononi, nikiwa natuma tiketi za majaribio kwenye simu yangu. Zilisita kidogo, kisha simu ikaanza kulia mfululizo. Nilizihesabu: zote zilifika, moja ikafika mara mbili. Kwa hiyo programu inayotuma SMS sasa inakagua namba ya tiketi kwanza.