Kukagua na kurekebisha regulata mpya kabla ya kuzamia Matema

Regulata mpya ya kuzamia, yaani kifaa kinachomletea mzamiaji hewa ya mtungi mdomoni, haina budi kukaguliwa nyumbani, siku tatu au nne kabla ya safari, kwa sababu mzamiaji wa Mbeya anayeteremka kupitia Tukuyu na Kyela, akigundua hitilafu akiwa tayari kwenye mchanga wa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hatakuwa na la kufanya isipokuwa kuahirisha. Kifaa kilichotolewa kwenye boksi leo kinaweza kuwa kilikaa stoo mwaka mzima, mpira wake ukakauka au ukajikunja.

Anza kwa macho na mikono. Kunjua mipira yote ya hewa, yaani mabomba laini inamopita, uipinde taratibu karibu na ncha zake huku ukitafuta mipasuko, kisha ujaribu kuzungusha kila kiungio kwa vidole. Kilicholegea kikazwe kwa spana kwa kiasi tu, kwa kuwa kinachozuia hewa isivuje ni oringi, yaani pete ya mpira, iliyo ndani wala si nguvu za mkono. Vuta pia kipande cha kung'ata, maana kamba ndogo ya plastiki inayokibana ikikosekana, kitabaki katikati ya meno yako huku regulata yenyewe ikiondoka.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote halihitaji mtungi. Funga kizibo cha vumbi barabara kwenye hatua ya kwanza, yaani sehemu inayokaa kwenye mtungi, kisha weka regulata mdomoni na uvute pumzi polepole. Unapaswa kuvuta kidogo tu na kukwama kabisa, kama anayenyonya chupa tupu. Ukiendelea kupata hewa, ujue ipo njia ambayo maji nayo yataipitia. Regulata yangu ya kwanza ilinipa hewa nyembamba isiyokoma. Nilipomulika tochi kwenye tundu la kutolea pumzi, nikaona ukingo wa kiwambo cha mpira umejikunja, upana wa punje ya mchele. Niliunyoosha kwa kijiti cha pamba, nikavuta tena, na hewa ikakata. Regulata ya akiba nayo ijaribiwe vivyo hivyo.

Baada ya hapo, ifunge kwenye mtungi uliojaa. Geuza uso wa geji, yaani kipimo cha shinikizo la hewa, usikuelekee, bonyeza kidogo kitufe cha kumwaga hewa, na ufungue vali ya mtungi polepole. Mtungi uliojazwa kawaida husoma takribani bar 200. Vuta pumzi nzito kadhaa ukiitazama geji: mshale ukishuka kila unapovuta na kupanda unapoacha, ama vali haijafunguka vya kutosha, ama njia ya hewa imeziba. Paka maji ya sabuni kwenye viungio na utafute mapovu. Kisha funga vali na uache mshale kwa dakika 10. Ukishuka, kuna mahali panapovuja.

Katika kurekebisha, gusa tu kile ambacho mtengenezaji amekiweka nje. Kirungu cha kurekebisha uzito wa pumzi, kwa regulata zilizo nacho, kikizungushwa kuelekea ndani hufanya pumzi iwe nzito, na kikilegezwa huifanya iwe nyepesi. Mimi hukilegeza mpaka nisikie hewa inaanza kutoka yenyewe, halafu hukikaza taratibu mpaka mlio ukome. Skurubu za ndani ya hatua ya kwanza, zinazopanga shinikizo la kati, yaani la hewa iliyo kwenye mipira kuelekea mdomoni, ambalo kwa kawaida ni kama bar 9 au 10, ni kazi ya fundi aliyefundishwa. Regulata iliyokuwa kimya ikianza kutoa hewa dakika chache baada ya vali kufunguliwa, huenda shinikizo hilo linapanda, na dawa yake ni kuirudisha dukani.

Ukifika Matema, simama kwanza kwenye maji ya kiunoni, uinamishe uso ndani, uvute pumzi 10 kwa regulata kuu na 10 kwa ile ya akiba, ndipo uelekee chini ya milima ya Livingstone, ambako ukingo wa ziwa huporomoka ghafla hadi kwenye kina kirefu.