Anza na Lango Bovu: Jinsi ya Kupata Picha za Mashambani Katika Mambo ya Kila Siku

Kwa miaka mingi nilichora milima. Nilikuwa napanda mahali pa juu, nasimamisha turubai ya kuchorea, nachora bonde zima mpaka upeo wa macho, kisha narudi na picha nzuri ambayo ingeweza kuwa ya bonde lolote. Kilichonitoa huko ni lango bovu la malisho. Nilikuwa nimejibanza chini ya mti nikingoja mvua ikatike, sina la kufanya ila kulitazama. Bawaba ya juu ilikuwa imeng'oka, mahali pake pamefungwa kamba. Kamba ilipoanza kuoza, mtu akaongeza waya. Waya ulipolegea, akazungushia kipande cha mpira wa baiskeli. Chini yake ardhi ilikuwa imechimbika mfuo wa robo duara, kwa sababu lango lile lilikuwa linaburuzwa kila siku likifunguliwa na kufungwa.

Nililichora kwa penseli nyuma ya bahasha, na baadaye nikalipaka rangi kwenye ubao mdogo. Jirani aliyekuja kunitembelea akautazama akasema, "Hilo lazima ulinyanyue kwanza ndipo lifunguke." Hakuwahi kufika kule. Uzito wa lango aliusoma kwenye ule mfuo.

Tangu siku hiyo, nikitafuta cha kuchora sianzi na mandhari. Naanza na mahali mkono wa mtu ulipopita.

Tafuta kilichokarabatiwa

Toka na daftari dogo linaloingia mfukoni na penseli moja. Usibebe rangi siku ya kwanza. Tembea polepole na utafute vitu vitatu: kilichokarabatiwa, kilichochakaa kwa kushikwashikwa, na kilichobadilishiwa kazi. Mpini wa jembe unaong'aa pale tu mikono miwili inaposhika. Kizingiti kilicholika katikati. Njia ya miguu inayokata shamba kwa mshazari kwa sababu hakuna aliyekubali kuzunguka. Ndoo iliyotoboka iliyogeuzwa kuwa kiti. Kila eneo hukarabati vitu vyake kwa kile lilicho nacho: penye mawe ni mawe, penye miti ni fito, na siku hizi karibu kila mahali ni waya, mabati na plastiki. Ukichora ukarabati kwa uaminifu, umekwisha kuchora eneo lenyewe hata kama mlima hauonekani.

Wachoraji wakubwa walijua hili zamani. Katika picha ya harusi ya wakulima aliyoichora Pieter Bruegel karibu mwaka 1567, wanaume wawili wanapita na mabakuli ya chakula juu ya ubao mpana unaoonekana wazi kuwa ni mlango uliong'olewa, na mmoja wao amechomeka kijiko kwenye kofia yake. Mlango na kijiko vinanipa harusi ile kuliko sura zote za wageni. Na John Constable, Mwingereza ambaye baba yake alimiliki kinu cha kusagia nafaka cha Flatford, alimwandikia rafiki yake mwaka 1821 akitaja vitu alivyovipenda: sauti ya maji yanayoponyoka kwenye mabwawa ya vinu, mbao kuukuu zilizooza, nguzo zenye utelezi, matofali. Mtu huyu alikuwa anazungumzia mbao zilizooza jinsi wengine wanavyozungumzia machweo ya jua. Kwangu huo ndio upendo wa mahali.

Nakuomba pia usifute kinachokuudhi. Dumu la njano, nguzo ya umeme, karatasi ya nailoni iliyonasa kwenye uzio: viache. Wanaoanza huviondoa ili picha ionekane ya kale, na matokeo yake wanachora shamba ambalo hakuna anayeishi.

Udongo kwanza, majani baadaye

Hatua hii watu huiruka, nami naipenda kuliko zote. Kabla hujachanganya kijani chochote, chukua konzi ya udongo wa hapo. Igawe mara mbili, nusu uilowanishe, nusu uiache kavu. Changanya rangi mpaka upate zote mbili. Utaona udongo mbichi ni mzito na umekolea, ule mkavu umepauka kana kwamba umetiwa maziwa. Mimi hutumia njano ya udongo, nyekundu ya udongo uliochomwa, buluu nzito na nyeupe. Nyeusi inayouzwa tayari naiacha, kwa kuwa kivuli kikitiwa hiyo hufa.

Kisha fuata safari ya udongo huo. Umo kwenye matofali. Umerukia ukutani kwa matone ya mvua mpaka kimo cha goti. Umeshika kwato za ng'ombe, pindo la sketi, magurudumu ya toroli, matumbo ya mbuzi weupe. Rangi moja ikitokea mahali kumi kwenye picha, vitu vyote vinakaa pamoja bila wewe kuvilazimisha. Mchoraji Van Gogh alipokuwa Nuenen, Uholanzi, mwaka 1885 akichora familia ya wakulima wakila viazi chini ya taa, aliwapa nyuso zao rangi ya kiazi chenye vumbi ambacho hakijamenywa. Watu wale walikuwa wanakula walichokichimba kwa mikono yao wenyewe, na rangi ile ilitoka shambani nao.

Kijani kitakuja chenyewe. Tia tone la rangi yako ya udongo katika kila kijani unachochanganya, na hutasumbuliwa na yale majani yanayopiga kelele.

Rudi palepale

Chagua mahali pamoja unapoweza kufika kwa miguu bila maandalizi. Pasiwe pazuri sana, maana uzuri huchosha upesi. Mimi nilikaa na jiwe moja la kukalia lililokuwa mlangoni pa banda, nikalichora asubuhi, adhuhuri na jioni kwa wiki kadhaa. Adhuhuri lilikuwa jiwe tu. Asubuhi lilikuwa na umande upande mmoja na joto upande wa pili. Jioni, kivuli chake kilifika mlangoni na kupanda ukutani, na hapo nikagundua kwamba mwenye nyumba aliliweka pale ili akae mwangani mpaka dakika ya mwisho.

Kati ya 1890 na 1891 mchoraji Monet alichora marundo ya mavuno ya shamba lililokuwa karibu na nyumba yake Giverny, Ufaransa, picha kama 25. Alifanya kazi na turubai kadhaa kwa pamoja, akibadilisha moja kwa nyingine kadiri mwanga ulivyobadilika. Wewe huhitaji turubai kumi. Gawanya ukurasa wa daftari visanduku vinne, na kila ziara ijaze kimoja, kwa dakika kumi tu, ukiangalia sehemu ya mwanga na sehemu ya kivuli pekee.

Andika pembeni. Constable aliandika nyuma ya michoro yake ya mawingu ya 1821 na 1822 tarehe, saa na upepo ulikotoka. Daftari langu lina maneno kama haya: "Saa 12:30 asubuhi, upepo toka kushoto, moshi umelala juu ya paa, kuku bado hawajafunguliwa." Miezi sita baadaye mstari huo hunirudishia baridi ya asubuhi ile kuliko picha ya simu.

Watu wakiwa kazini

Usimwambie mtu asimame. Omba ruhusa, jitambulishe, kisha mwache aendelee na kazi yake. Kazi za shamba hujirudia, na hiyo ni bahati yako: anayelima atainua jembe tena na tena, hivyo mzunguko wa kwanza chora mgongo, wa pili miguu, wa tatu kichwa kilipoelekea. Kufikia mara ya kumi una mtu mzima. Mchoraji Millet, aliyezaliwa mwaka 1814 katika familia ya wakulima huko Gruchy, Ufaransa, alionyesha kwenye picha yake ya 1857 wanawake watatu wakiokota masazo ya mavuno: wawili wameinama hadi chini, wa tatu anainama nusu tu. Nyuso hazionekani vizuri. Unachokiona ni kiuno, na unajua kinauma.

Halafu weka penseli chini, usaidie kazi. Nasema hivi kwa uzito. Nilichora wabeba maji kwa muda mrefu, wakaonekana kama wamebeba ndoo tupu. Siku nilipobeba mwenyewe lita 20 mkononi, yaani kilo 20, nilielewa: bega moja linashuka, kiuno kinasogea upande wa pili, mkono mtupu unaruka mbali na mwili kutafuta usawa, na hatua zinakuwa fupi. Vidole baadaye vinabaki na alama nyeupe ya mshikio. Sasa nachora na ile alama.

Nyumbani, ukiunganisha

Picha ya mwisho si lazima iwe ya mahali pamoja kwa saa moja. Picha maarufu ya Constable ya mkokoteni ndani ya maji, ya mwaka 1821, aliichora London akiwa na michoro aliyoifanya kando ya mto. Mwaka 1930 mchoraji Mmarekani Grant Wood aliiona nyumba ndogo yenye dirisha lenye ncha juu huko Eldon, Iowa, akaamua kuwaweka mbele yake mwanamume na mwanamke. Waliokaa mbele yake kuchorwa walikuwa dada yake na daktari wake wa meno, kila mmoja kwa wakati wake, na si mbele ya nyumba ile.

Kwa hiyo tandaza michoro yako sakafuni. Chagua kitu kimoja ambacho picha ingekufa bila hicho. Vingine vyote vijibu swali hili: dakika tano zilizopita palifanyika nini hapa, na nini kitafanyika baadaye? Mimi niliwahi kuweka mkokoteni, kisima, kuku, mtoto na moshi kwenye turubai moja, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kinafanya kazi. Nilianza upya na mkokoteni peke yake, mti wake wa kuvutia umeinamia chini, kamba bado imelowa jasho la ng'ombe.

Kabla hujatia sahihi, mwonyeshe mtu wa kazi hiyo, naye umuulize kilichokosewa, usimuulize kama imependeza. Mzee mmoja mfugaji aliitazama picha yangu ya mkamuaji kwa kitambo kirefu, akasema, "Mwanangu, huyu ng'ombe atampiga teke. Umemkalisha mkamuaji upande ambao ng'ombe hakuuzoea." Nikarudi, nikakwangua rangi, nikahamisha kigoda.